Kiti cha Saa Tatu

Mama Nyendo, sabini na sita,
amelima uwele Mvumi hadi kisogo kikageuka rangi ya chungu,
leo kipimo kinasema hana jua.

"Hana vitamini D," daktari alinirekebisha,
kalamu ikigonga karatasi: sukari kumi na nne nukta mbili.
Mama akacheka hadi kilemba kikalegea.
"Dodoma hii? Nikose jua?"

Sikucheka. Nilikumbuka mapazia yangu ya Ilazo,
mazito, ya kijani, niliyoyakopea
siku nilipomleta mjini apumzike.
Miaka mitatu ya kupumzika.

Sasa kila saa tatu natoa kiti ukutani, upande wa karo.
Ananyoosha mikono, viganja juu,
kama anayedai chenji.

Wiki ya tisa: kumi na moja.
Daktari anasifu vidonge, mimi nasifu tonge dogo.
Hatujui, wala yeye haulizi.

Jana nimerudi kazini nikakuta dirisha tupu,
pazia limetandikwa uani juu ya kokoto,
na juu yake mlenda, jani kwa jani,
unakauka.
"Hiki kitambaa," akasema bila kugeuka,
"nimekipatia kazi."