Mkalimani wa Semina, Nkuhungu

Ghala lilikuwa la alizeti. Hadi leo
mtu akipiga teke la juu, vumbi likitimka,
linanuka mafuta, na majirani wanajua
watoto wa kungfu wameanza.

Mimi ndiye ninayeshika daftari.
Ada ya semina: elfu tano, chai humo humo.
Chilongani kalipa nusu, nusu ataleta Ijumaa.
Mama Sechelela kalipa ndoo ya zabibu
za mwanzo, chachu bado. Nikaandika: amelipa.

Mgeni alitoka mbali, akalala Morogoro,
mzee mfupi, viatu vya kitambaa,
begi moja, na chupa ya maji ya moto
ambayo hakumwachia mtu kumbebea.

Mkalimani tuliyeahidiwa hakutokea.
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Basi akasimamishwa Ndahani,
miaka minne kaponda kokoto na Wachina kule Chigongwe,
Kichina chake chote kimetoka machimboni:
jiwe, beba, polepole, bado, hatari, kula.

Mgeni akasema. Akasema sana.
Mikono ikapita hewani kama anayekunja shuka
na mtu tusiyemwona.
Tukamgeukia Ndahani.
Ndahani akajikuna shingo.
"Anasema, polepole."

Mgeni akaendelea, safari hii dakika nzima,
akagusa tumbo, akagusa kisigino, akaonyesha paa.
"Anasema... jiwe."
Jiwe gani?
"Jiwe. Wewe ndiwe jiwe. Au umelibeba.
Moja kati ya hayo."

Vijana wa Chang'ombe wakacheka,
wao walikuja kujifunza kuruka ukuta.
Lakini tukasimama. Magoti tumeyakunja,
mikono imekumbatia pipa lisilokuwepo,
watu thelathini na saba juu ya saruji,
na upepo wa Julai unapitisha mchanga chini ya mlango.
Dakika kumi. Paja la Chilongani likaanza kutetemeka
kama bati lililolegea msumari.
"Bado," akasema Ndahani,
na mgeni hakuwa amefungua kinywa.

Hapo nikamtazama.
Macho kayafumba, mabega kayashusha,
mabega yale ya machimbo, moja chini ya mwenzake,
nikakumbuka mwaka ule mwamba ulipoporomoka
wakatoka wawili badala ya watatu.
Hajatuambia hata siku moja
ni neno gani lilipigiwa kelele,
la kwao au la kwetu.

Mchana, chini ya turubai: ugali wa mtama, mlenda.
Watoto wakampa mgeni mikono miwili miwili, mbukwenyi,
naye akajibu kwa ngumi ndani ya kiganja.
Alipovuta tonge, mlenda nao ukamvuta,
uzi mrefu hadi kidevuni,
akacheka mpaka chupa ikaanguka.
Kisha akamwinamia Ndahani, akamuuliza jambo
kwa sauti ya chini.
Hakuna aliyeomba tafsiri.
Ndahani akajibu kwa neno moja
ambalo halikuwa katika yale sita.

Kwenye daftari, safu ya Mada,
nilikuwa nimeandika: Kusimama.
Jioni, mikeka ikikunjwa, nikaongeza kwa kalamu nyingine:
jiwe, polepole, bado.
Mkalimani: Ndahani.
Malipo: zabibu, nusu ndoo.
Alizikataa kwanza.