Kikohozi cha Pili

Kwenye makazi ya wanyama, Ostrava,
walinipa karatasi: namba mia mbili kumi na nne,
dume, wiki kumi na moja, rangi ya majivu,
amechanjwa. Anakohoa kidogo, itapita.
Hiyo "itapita" naijua.
Nimelala nayo kitanda kimoja
miaka thelathini na minne.

Jina nilimpa ngazini, ghorofa ya pili:
Knoflík, kifungo,
maana alijibana kwenye koti langu
kama kifungo kilichopata tundu lake.

Usiku wa kwanza, kimya. Alilala ndani ya slipa ya Oldřich.
Usiku wa pili, saa nane na ushee,
mwili wangu uliamka kabla yangu,
mkono wa kushoto ukaenda wenyewe upande wa ukuta
kumpigapiga mgongo mtu
ambaye hayupo tangu Februari.

Chini, kwenye zulia, paka amejikunyata,
shingo kainyoosha kama anayechungulia chini ya kabati,
mbavu zinafunguka, zinafunga,
kh, kh, kh,
hakutoka kitu.
Akalamba pua, akanikazia macho
kana kwamba mimi ndiye niliyekohoa.

Vikohozi navijua.
Kuna cha kumkatiza mkwe maneno,
kuna cha kanisani, kinachopokezana benchi kwa benchi,
na kuna kile cha wachimba makaa
kinachopanda kutoka mita mia nane chini
kikafika mdomoni kimeshachoka.
Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Oldřich alivificha vyote viwili
chini ya sauti ya redio.

Daktari Kubíčková alimpa dawa ya siku kumi.
Kikohozi kikabaki.
Akampa ya minyoo.
Kikohozi kikabaki, kikanenepa pamoja naye.
Wiki ya sita akapiga picha,
akaitundika kwenye mwanga, mapafu mawili
madogo kuliko majani ya chai,
nami nikatazama viatu vyangu.
"Huenda ni pumu," alisema. "Huenda."
Nilimpenda kwa lile huenda.
Kisha, akiandika, bila kuinua kichwa:
"Nyumbani mnapasha joto kwa nini?"

Kwa makaa, daktari.
Makaa ya mjane, tani mbili kila vuli,
haki ya marehemu, imeandikwa na kupigwa muhuri.
Yalimla mume wangu yakiwa chini ya ardhi,
nami nikayapandisha jikoni kwa ndoo
na kuyashukuru.

Jiko sasa limepoa.
Nalala na koti, na soksi za Oldřich juu ya soksi zangu.
Jirani Šárka ameniazima hita ya umeme
inayonuka vumbi lililoungua, na hesabu yake
nitaiona mwisho wa mwezi, Mungu anisaidie.
Mchanga wa choo chake nao nimeutupa,
nachana magazeti.

Kwenye droo palikuwa na ile pampu ya kuvutia dawa,
bado ndani ya boksi. Oldřich aliigusa mara moja.
"Mimi si birika," alisema, akairudisha.
Daktari alibadilisha dawa, akaweka barakoa ndogo.
Namfunga Knoflík kwenye taulo, anabaki masikio,
nahesabu pumzi kumi,
na kwenye ya saba kila siku ananiangalia
kwa chuki safi kabisa, halafu anavuta ya nane.
Ya nane hiyo ndiyo iliyonishinda kwa yule mwingine.

Jumatatu, mara tatu. Jumanne, mara moja.
Jumatano nimeacha nafasi wazi kwenye kalenda.

Na usiku wa tatu wa nafasi wazi
nimekaa kitandani, nimeukasirikia ukimya.
Kohoa basi, nikasema gizani,
kidogo tu, nijue uko wapi.
Akaja akanikanyaga tumboni, miguu yote minne,
anataka samaki, saa kumi alfajiri.