Tupa Mbili

Baba aliacha tupa mbili, vibogoyo.
Nikazitia ncha za patasi kwenye jiwe la kunolea,
Shekue akapuliza makaa kwa feni ya gari bovu.

Ya kwanza niliichovya majini ingali nyekundu.
Tii! Ikapasuka.
Shekue akafagia, hakuniangalia.

Ya pili niliingoja
mpaka sumaku ya spika ikaikataa,
nikaizamisha kwenye mafuta machafu ya Bi Mwanahamisi,
muuza mihogo wa Barabara ya Kumi na Mbili.

Moshi ukatanda Ngamiani.
Watoto wakaja na sahani:
“Imeiva?”

Bado.
Nikaisugua ikang'aa, nikaipasha polepole
hadi rangi ya asali ikatambaa ukingoni.

Kwenye kerezo mninga ukatoa utepe mmoja, mrefu.
Shekue akauokota, akaunusa:
“Mihogo.”