Safu ya Nne

Daftari la mapato ya bweni lina safu nne.
Ya kwanza, sadaka ya usharika.
Ya pili, wazazi wanaoweza.
Ya tatu, viazi tulivyopakia gari la Chimala.
Ya nne niliipiga mstari kwa kalamu nyekundu,
kwa furaha ya kijinga:
Duka la Simuni.

Miaka mitatu.
Mtu akinunua kitu huko, nusu shilingi ya kila mia
ilipanda zile kona hamsini na saba
hadi Matamba, bila kutapika njiani.
Na kila mwisho wa mwezi ilikuja orodha,
bila majina, vitu na miji tu:

Birika la umeme, Uyole, mia moja na arobaini.
Kava la simu, Iringa, ishirini na tano.
Viatu vya bibi harusi, Mafinga, mia tatu.

Watoto waliipenda kuliko hadithi.
Hosana Chaula aliapa viatu vile ni vya shangazi yake.
Tulalumba akauliza kama vina kisigino.
Usiku ule, katika sala ya kulala,
wakamwomba Mungu visimbane.

Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hatukufundishwa
kwamba kibaba kina mwenyewe.

Ujumbe ulifika Jumanne, sakitu bado nyeupe
kwenye majani ya pareto.
*Mshirika wetu mpendwa, baada ya tathmini,
tumebaini kuwa mchango uliotawanyika mno
hauleti matokeo tuliyoyatarajia.*
Nilirudia neno moja: uliotawanyika.
Kisha nikatazama sufuria.
Uji haukuwa umetawanyika.
Ulikuwa mahali pamoja, unatokota,
na mabakuli arobaini na moja yamepangwa mbele yake.

Sisemi tumeibiwa. Fedha ni yao.
Mtu akikupa lifti hadi nusu ya mlima
humshitaki kwa nusu iliyobaki.
Lakini unashuka,
na baridi ni ileile.

Nikampigia Atuganile, mtoto wa dada yangu, yuko Mbeya.
Akawaka: "Mimi nilinunua makoti mawili, shangazi!
La pili lilikuwa kwa ajili yenu!"
Nilipiga hesabu. Fungu letu kwenye koti lile
lilikuwa mia mbili na hamsini.
Koti lenyewe alibaki nalo.
Nikamuuliza, bado unanunua kwao?
Akanyamaza kidogo.
"Wanaleta haraka," akasema.

Mwezi wa kwanza nimeandika sifuri kwenye safu ya nne.
Mwezi wa pili nikaacha kuandika,
maana sifuri nayo inakula wino.
Mistari nilishaipiga hadi Desemba,
nyekundu, imenyooka, kama barabara
ambayo hakuna gari.

Jana usiku, taa ya kandili imeshushwa,
Hosana akatoa kichwa kwenye blanketi:
"Mwalimu, siku hizi watu hawanunui?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na ujumbe ule simuni,
ningeweza kuwasomea tathmini.
Nikafungua daftari kwenye ukurasa mtupu,
nikalisogeza karibu na mwanga
kama mtu anayetafuta mahali alipoishia.

Taa ya kusomea, nikasoma. Tukuyu.

Wakaiombea isiungue.