W Moja, Pointi Kumi

Mfuko wetu wa herufi ni wa Kifaransa,
mchezo wetu ni wa Kiingereza.
Ndiyo maana W iko moja tu, na bei yake ni kumi,
K moja, kumi, Y moja, kumi,
huku E zikiwa kumi na tano
zinasukumana humo kama madumu bombani.

"Waingereza wangehamia hapa," asema Kavugho,
kisha anapanga *why*, herufi tatu,
pointi ishirini na nne.
Katika mji huu, kuuliza kwa nini
hakujawahi kulipa hivyo.

Tunacheza Katindo, kibandani kwangu,
simu za watu thelathini zikinyonya umeme ukutani,
kila moja na kikaratasi chake cha jina.
Ubao ni mgongo wa katoni ya sabuni.
F moja ilipotea ule usiku wa mlima,
tulipokimbilia Sake na godoro, sufuria na mfuko huu
(usiniulize kwa nini mfuko huu).
Nimekata nyingine kwenye soli ya kandambili,
ya buluu, laini,
na Mwalimu Bwira anaijua kwa vidole
kabla haijaona mwanga.
Tumemwekea sheria: achote kwa mkono wa kushoto.

Usiku umeme ukikatika nawasha tochi,
nasaka katika kamusi maneno yenye Q isiyofuatwa na U.
Q bila U ni chukudu bila gurudumu la mbele,
lakini yapo, machache, yamejificha.
*Qi*, kwa mfano. Ni pumzi, nguvu ya uhai,
wameiazima kwa Wachina, wala sioni
palipoandikwa siku ya kurudisha.
Natafuta yenye K, natafuta yenye Z,
siulizi yana maana gani, nauliza yamebeba nini,
kama askari wa kizuizi anayepekua magunia.
Hivyo ndivyo nilivyomkuta okapi,
mnyama wa Ituri,
kumbe ana karatasi zote za Kiingereza.

Jumapili ile nilikuwa na A mbili, S, R, I,
herufi za bei ya dagaa,
na F ya kandambili.
Nilizitazama muda mrefu.
Mteja alikuja, akachukua simu isiyo yake, akairudisha.
Nikapanga polepole:
S, A, F, A, R, I.

"Iyo ni Kiswahili, toa!" akapaza Mwalimu.
"Fungua kamusi."
Akalamba kidole, akafungua,
akasoma kwa sauti ya darasani, akinitafsiria:
safari, nomino,
mwendo wa kwenda kutazama au kuwinda wanyama,
aghalabu Afrika.

Safari ni mkubwa wangu.
Ndiye aliyeleta mfuko huu kutoka kwa masista,
ndiye aliyenionyesha kwamba Z haifai kuogopwa.
Alivuka Bariyeri Kubwa na begi la shule
lisilo na daftari hata moja ndani.
Hakwenda kutazama mnyama yeyote.

"Njo vile," akasema Mwalimu, akafunga kamusi.
"Pointi tisa."
Akaandika tisa.

Zamu ya Kavugho. Hakufikiri hata kidogo.
Alichukua S yake moja, akaibandika mkiani:
*safaris*.
Kumbe kwao ni rahisi hivyo,
herufi moja ya bei ndogo, na zinakuwa nyingi.
Kwetu neno halijigusi,
iwe moja au ziwe mia, safari ni safari,
husikii hesabu mpaka lije neno la pili:
yangu, zangu,
ya kwanza, za mwisho,
ile.

"Kumi," alisema Kavugho, akatia mkono mfukoni.
Alitoa E.