Nywele za Mahindi

Wande, nimesikia na wewe unakuja kuchambua tumbaku,
godauni lile lile, benchi lile lile.
Njoo. Mkeka upo. Ila nikwambie kitu
ambacho mama hakutuambia, na si kwamba hakukijua.

Choo kiko mbali, na mlango wake ni nusu.
Mihayo msimamizi ana saa kubwa ya mkononi;
ukinyanyuka mara ya pili anaitazama saa,
hakutazami wewe.
Basi tukajifunza kutokunywa maji.
Asubuhi chai nusu kikombe, mchana kulowesha ulimi,
vumbi la tumbaku kooni,
na Oktoba ya Tabora unaijua:
hata kivuli kinatoka jasho.

Mwezi wa kwanza nikasifiwa: "Nyamizi hatoki."
Mwezi wa pili nikakojoa moto.

Sitalipamba neno. Ni moto, Wande.
Matone matatu na machozi,
unasimama,
hujamaliza kusimama, unataka tena.

Nikaenda kwa Mama Shija, sokoni, nyuma ya wauza asali.
Akanipimia nywele za mahindi, zimekauka, rangi ya kutu.
Chemsha, akasema, unywe mpaka sufuria ikauke.
Akaongeza rosela, akaongeza ukwaju,
na mzizi mmoja aliokataa kuutaja:
"Jina si dawa."
Asali juu yake. Kwetu asali hutiwa kila kitu,
hata kwenye ugomvi.

Kalunde akasema nijisafishe kwa maji ya ndimu.
Usithubutu.
Usiku ule niliwaita malaika kwa majina,
na wengine niliwabuni.

Duka la dawa, kijana mwenye koti jeupe
akaniuliza kwa sauti ya mnadani:
"Inawasha ukikojoa?"
Nyuma yangu wanaume wawili, wamefuata dawa ya kichwa,
wakaanza kuhesabu mbao za dari.
Nikasema ni ya shangazi.
Akanifungia vidonge sita kwenye karatasi,
nusu dozi, kwa hela niliyokuwa nayo.
Moto ukalala siku mbili,
ukaamka na ndugu zake.

Na shemeji yako, Maganga, akaninunia wiki nzima.
Hakuuliza. Alihamishia mto wake upande wa ukutani
kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Kitete ndiko nilikopewa kichupa.
Muuguzi, mama mnene, viatu vya kanda mbili,
akanieleza mkojo upi ukinge, upi uache upite,
kisha akauliza jambo dogo:
"Kwa siku unakunywa vikombe vingapi?"
Nikaanza kuhesabu kwa vidole.
Vidole vikanibaki.

Akaandika dozi, siku saba, zote,
hata ukipona ya tatu, akasema, zote.
Nikajikaza nikamtajia nywele za mahindi.
Hakunicheka.
"Kama nywele zinasaidia, mimi sijui.
Sufuria nzima ya maji uliyochemshia, hiyo naijua."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu,
nimebeba vidonge, nimebeba hiyo sufuria kichwani
ingawa haikuwepo.

Sasa tunanyanyuka pamoja, wanawake kumi na mmoja,
mmoja akibanwa, benchi zima linasimama.
Siku ya kwanza Mihayo aliitazama saa
mpaka tukarudi, akaikung'uta, akaiweka sikioni.
Bado hutukata. Mwezi uliopita alinikata siku moja.
Mlango hajauziba; tumeuziba sisi, kwa kanga ya Kalunde.

Kwa hiyo ukija, leta dumu la lita tano lenye kifuniko.
Leta chupi za pamba, zile za kung'aa waachie wa dukani.
Na ukipita shambani kwa baba, mahindi yakiwa mabichi,
nichumie nywele kidogo, uzianike kivulini.
Sijui kama ni dawa.
Zinanipa sababu ya kuinjika maji.

Na ukibanwa, Wande, nenda.