Chuma cha Watu

Alhamisi ya tatu binti yangu hunivuta kope kwa kidole gumba.
Hatafuti machozi, anatafuta rangi.
"Baba, humu ndani pamekuwa peupe kama kitambaa cha kufunikia mkate."
Basi tunajua.
Blanketi, kitabu cha hospitali, chupa ya chai,
na zile noti za wewa
atakayetutoa Katuba polepole,
akikwepa mashimo kana kwamba amepakia mayai.

Uboho wangu umegoma.
Daktari alinichorea mfupa juu ya bahasha:
humu, alisema, mna kiwanda,
na kiwanda chako kinatoa mali mbovu, tena kidogo.
Nikacheka. Daktari,
nani atanifundisha mimi namna kiwanda kinavyokufa?
Miaka ishirini na saba nilisimama mbele ya tanuri.
Kwanza ulikauka mshahara,
halafu maji ya bomba, halafu moto.

Wanasema damu nzito kuliko maji.
Yangu, siku hizo, ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu.
Ngazi nne za mlangoni nazipanda kwa vituo,
moyo ukigonga masikioni kama mtu anayedai.

Umeme umekatika tangu saa nane.
Kalunga wa maabara amekaa kando ya jenereta
kama mfugaji kando ya ndama mgonjwa.
Mama Mbuyu anasoma namba, ananiuliza jina,
anasoma kundi, anarudia kusoma,
kisha anautundika.
Baridi ya mfuko inapanda kiwiko, inapanda bega,
mgeni asiyebisha hodi.

Wazee wetu walichanjiana.
Walikaa mkekani, wakatajiana ukoo,
wakala ini la kuku, wakaapa.
Mimi nimechanjiana na watu sitini na mmoja
na sijui hata mmoja wao analala wapi.
Mwanafunzi? Muuza makala? Askari?
Yule aliyenikanyaga jana sokoni asiombe radhi?

Ndugu zangu wamekwisha.
Kila mfuko unaotoka benki unataka mtu wa kuurudisha,
na wangu wote wamekwishanyoosha mkono:
shemeji, wapwa, safu nzima ya sauti nzito za kwaya.
Alibaki Kisimba,
ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya kiwanja cha baba.
Akaja. Hakunitazama.
Akakunja shati, akatoa, akanywa soda, akaondoka.

Nililala nikimngoja aingie mishipani tugombane.
Kumbe damu ya kurudisha haifuati ukoo.
Yake ilikwenda wodi ya watoto,
kwa kitoto cha malaria kutoka Kasapa,
nami nikapewa ya mtu baki.
Kwa hiyo mahali fulani mjini humu kuna mtoto anakimbia
na hasira ya ndugu yangu magotini.
Akue nayo. Itamfaa.

Liko deni jingine. Hili daktari alilisema kwa sauti ya chini.
Kila mfuko huja na chuma chake,
na mwili hauna mlango wa kukitolea.
Kinalala kwenye ini, kinalala moyoni,
tabaka juu ya tabaka.
Dawa ya kukichota ipo. Bei yake nayo ipo.
Usiku, dirishani, nakitazama kile kilima cheusi,
makapi ya tanuri letu,
tulichokimwagia moto zamu kwa zamu
mpaka watoto wakadhani kiliumbwa na Mungu.
Na mimi nakijenga changu, humu,
kwa chuma cha watu walionitakia heri.

Jioni viganja vimerudi rangi.
Nashuka ngazi nne, sisimami.
Nyumbani naomba bukari, lengalenga, samaki mkavu,
naomba tena.
Binti anashika kiuno:
"Baba, njaa ya nani hii?"
Ya mtu wa sitini na mbili, namjibu.
Mwongezee.